Corolla KE70, injini 4K: shajara ya kulirudishia gari la baba nguvu

Gari ni Toyota Corolla KE70 ya mwaka 1983. Injini 4K, ujazo wa mililita 1,290, kabureta (kichanganyio cha petroli na hewa) yenye makoo mawili, yaani njia mbili za hewa, pointi na kondensa za kutengeneza cheche, gia nne. Baba alilinunua akiwa mwalimu Sengerema, sasa liko kwangu Nyegezi, Mwanza. Naandika kila hatua inapoisha, na bei ni zile nilizotoa mfukoni, ili mwenye Corolla, Starlet au Datsun ya zama hizo aifuate kazi hii bila kujikwaa nilipojikwaa mimi.

Jumamosi, 28 Juni 2025. Kabla ya kugusa spana

Ugonjwa: gari halivuti. Mlima wa Bugando nalipandisha kwa gia ya kwanza, na abiria ni mmoja tu. Lita ya petroli inanipeleka kilomita 9. Ukikanyaga ghafla linasita kwanza, kisha linatoa moshi mweusi.

Mafundi watatu walilitazama, na wawili wakasema ninunue injini ya 5K ya mtumba kutoka kwenye Town Ace. Ushauri huo si mbaya. 5K ni ndugu wa 4K, ina mililita 1,486 na inakaa pale pale. Lakini niliambiwa milioni moja na laki nane bila kazi, na hakuna aliyeweza kunieleza ile nguvu ya zamani ya 4K imekwenda wapi. Nikaamua kwanza niitafute ilikopotelea.

Nilianza na kipimo. Saa kumi na mbili asubuhi tulikwenda barabara ya Musoma, mbele ya Kisesa, penye kipande kilichonyooka. Gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 70 kwa saa, pedeli chini, mke wangu ameshika saa ya simu. Tulikwenda na kurudi mara tatu, maana kuna upepo wa ziwani na kuna mteremko ambao jicho halioni. Wastani: sekunde 14.6. Namba hii ndiyo nitakayorudi kwake kila mara.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda kwa psi, injini ikiwa moto na pedeli imekanyagwa: 138, 140, 135, 138. Fundi kijana aliyeniazima geji alitikisa kichwa akasema injini imechoka. Hapana. Uso wa ziwa letu uko mita 1,135 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu ya ule wa pwani kwa asilimia 12 au zaidi kidogo. Silinda inayoanza na hewa haba itasoma haba. Injini hii hii Dar es Salaam ingesoma karibu 158. Zaidi ya hapo, silinda zote nne zinakaribiana, na hilo ndilo la kuangalia kwanza. Ringi na valvu zinashikilia.

Gharama hadi sasa: petroli tu.

5 Julai. Sevisi

Oili, filta, plagi mpya zenye nafasi ya milimita 0.8, pointi mpya 0.45, kondensa, filta ya hewa. Tapeti, yaani nafasi za valvu, nilizipima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa moto: 0.20 upande wa kuingiza, 0.30 upande wa ekzosi. Mbili za ekzosi zilikuwa zimebana mno. Shilingi 96,000. Sekunde 13.9.

12 Julai. Distributa

Hapa, kwenye kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ndipo nguvu ya kwanza ilipokuwa imefichwa.

Nilikwenda kwa fundi mzee wa Mabatini kuazima taa ya taimingi, inayoonyesha cheche inatoka wakati gani. "Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu Kisukuma, "taa nitakupa, ila usitazame alama ikiwa imesimama. Itazame ikikimbia." Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani.

Katika mzunguko wa chini alama ya taimingi kwenye puli ilisimama kwenye nyuzi 8 kabla ya pistoni kufika kileleni, panapotakiwa. Fundi yeyote angeishia hapo na kufunga boneti. Nikamwambia mdogo wangu akanyage hadi mizunguko 3,000. Alama ilitakiwa ikimbie kupita nyuzi 25. Yangu ilisogea hadi 12, ikaganda.

Sababu yake ni hii. Mchanganyiko wa petroli na hewa unahitaji muda kuungua. Injini ikienda mbio pistoni haisubiri, kwa hiyo cheche lazima itangulie zaidi. Kazi hiyo inafanywa na vyuma viwili vizito ndani ya distributa, ambavyo hutawanyika kwa mzunguko huku springi mbili zikivizuia. Nilipoondoa sahani ya pointi nilivikuta vimekaa ndani ya grisi iliyokauka, rangi ya kahawia, ngumu kama lami ya zamani. Nilisukuma kwa kidole, havikusogea. Nikatumia bisibisi, kimoja kikatoka kwa mlio mkavu.

Niliviosha kwa petroli na mswaki, nikasugua kutu kwenye vijiti kwa msasa laini, nikapaka grisi nyepesi kiasi cha kichwa cha kiberiti. Springi moja ilikuwa imevutika ikapoteza umbo. Nilipata nyingine kwenye distributa mbovu kwa 5,000. Kisha nikavuta kwa mdomo mpira wa bakumu unaoingia pembeni mwa distributa, hewa ikapita tu: diafram (utando wa ndani) imechanika. Ya mtumba, 15,000. Diafram hiyo haiongezi nguvu ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, kazi yake ni kubana matumizi ya petroli ukiwa unakwenda taratibu.

Alama sasa inakimbia hadi nyuzi 28, ukiachia inarudi. Sekunde 11.7.

Tahadhari kwa atakayefuata: distributa ikiganda hivi, fundi akiizungusha kwa kusikiliza sauti, gari litapata uhai kidogo juu, lakini litagoma kuwaka likiwa moto na mlimani injini itatoa mlio wa kugonga. Utadhani umetibu, kumbe umeficha.

19 Julai. Pedeli

Sikupanga kufanya chochote wiki hii. Nilikuwa nafuta kabureta, injini imezimwa, mfuniko wa filta uko wazi, mdogo wangu ameketi kwenye usukani. Nikamwambia akanyage mpaka chini. "Nimefika mwisho, kaka." Koo la kwanza lilikuwa limefunguka kama theluthi mbili. Koo la pili lilikuwa limefungwa kabisa.

Kwenye kabureta hii koo la pili linafunguliwa na mkono wa chuma unaosukumwa na koo la kwanza likikaribia mwisho. La kwanza lisipofika, la pili halisikii habari. Kebo ilikuwa imelegea, na chini ya pedeli kulikuwa na zulia lililokunjwa mara mbili. Gari lilikuwa likitembea kwa nusu ya kabureta. Nilimpigia baba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema zulia lile aliliweka yeye, mvua za El Niño zilipokuwa zikiingiza maji ndani ya gari. Hiyo ni 1997 kwenda 1998.

Zulia nililikata, kebo mpya 8,000, mhimili wa koo la pili niliulainisha maana ulikuwa mzito kurudi. Hakikisha pedeli inarudi yenyewe kwa nguvu kabla ya kuwasha. Mimi nimeweka springi mbili, moja ikikatika nyingine ifunge. Sekunde 10.4.

Kwa jumla nimetumia 124,000, na gari tayari linapanda Bugando kwa gia ya pili.

2 Agosti. Fedha iliyopotea

Baada ya mafanikio hayo nilipata tamaa, nikafanya mambo mawili kwa siku moja bila kupima katikati. Hilo ndilo kosa lenyewe, kabla hata ya vifaa.

La kwanza, nilitoa nyumba ya filta ya hewa nikaweka filta ya wazi ya sponji, 45,000. La pili, nilitengenezewa ekzosi ya bomba la inchi mbili na nusu kutoka kwenye manifoldi (bomba la matawi linalofungwa kwenye injini) hadi nyuma, 120,000. Sauti ikawa nzito, watoto wa mtaa wakafurahi. Nilikwenda Kisesa nikiwa na uhakika. Sekunde 11.2. Nikarudia. 11.3.

Ilinichukua wiki kutenganisha makosa hayo.

Kwenye 4K manifoldi ya kuingiza na ya ekzosi ziko upande mmoja wa injini, moja juu ya nyingine. Filta ya wazi inakaa juu ya jiko. Nilifunga kipimajoto cha jikoni karibu na filta nikaendesha hadi Buhongwa na kurudi: nyuzi 61, wakati nje ilikuwa 29. Hewa ya moto ni hewa nyembamba, na sisi huku tayari tunavuta nyembamba. Kisha yakaja mawingu ya vidudu vya ziwani, vile vinavyoinuka juu ya maji kama moshi. Nilipita barabara ya uwanja wa ndege jioni, asubuhi sponji ilikuwa imefunikwa ukoko wa kijani uliokolea, mwepesi kama majani ya chai yaliyotumika. Rejeta nayo hivyo hivyo.

Nyumba ya filta imerudi. Nimeongeza mpira wa sentimita 6 unaochukua hewa mbele, pembeni mwa rejeta, na bati la aluminiamu kati ya ekzosi na kabureta. Bati hilo limeondoa ugonjwa mwingine ambao sikuutarajia kuutibu: gari kugoma kuwaka ukilizima dakika kumi juani, kwa sababu petroli ilikuwa inachemka ndani ya kabureta. Bati na mpira ni 14,000.

Bomba nene lilipunguza nguvu ya chini. Moshi wa injini ndogo ukipewa bomba pana unapoteza mwendo, na mimi naendesha zaidi kati ya mizunguko 1,500 na 3,500. Nimefunga bomba la inchi moja na robo tatu lenye mikunjo ya taratibu na silensa moja, 70,000. Sekunde 10.0. Bomba nene liko nyuma ya nyumba, anayelihitaji kwa lori aseme.

9 Agosti. Jeti

Plagi bado nyeusi, moshi mweusi upo. Nilifungua kabureta mezani juu ya sinia jeupe ili kitu kidogo kisipotee. Jeti kuu ya koo la kwanza, kipande chenye tundu la kupitishia petroli, imeandikwa 102, maana yake tundu la milimita 1.02. Nilijaribu kuingiza keekee la 1.05, likapita. La 1.10, likapita. La 1.15 likaingia kwa kubana. Kuna fundi zamani aliitoboa ili "ipate mafuta".

Naomba hili lieleweke, maana nalisikia kila gereji. Petroli peke yake si nguvu. Nguvu inatoka kwenye petroli inayopata hewa ya kuiunguza, na kinachopungua huku kwetu ni hewa. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari ikipandishwa Mwanza inakuwa na mafuta mengi kupita kiasi kwa kama asilimia 6, hata kabla hujaitoboa. Jeti halisi ya 102 hapa ingefaa kushuka kidogo. Yangu ilikuwa imepandishwa, na kwa kuwa mtiririko unafuata eneo la tundu, 1.15 badala ya 1.02 ni zaidi ya robo ya petroli ya ziada.

Jeti mpya sikupata. Nilikwenda kwa fundi simu Makoroboi, kijana mwenye mkono usiotetemeka. Aliishika jeti kwa koleo, akaipasha, akaijaza risasi ya kuchomelea mpaka tundu likaziba, akakwangua ziada. Halafu akachukua keekee nyembamba za kutobolea bodi, akaizungusha moja kwa vidole, bila mashine, 0.95 kwanza, kisha 0.99. Nilikuwa nimeinama karibu yake nikiona unyuzi wa risasi unatoka unang'aa kama unywele wa mzee. Alitaka 3,000, nikampa 10,000.

Floti, yaani boya la kudhibiti kina cha petroli ndani ya kabureta, nayo ilikuwa juu kwa milimita 3, nimeirudisha. Baada ya kilomita 60 plagi zimekuwa rangi ya biskuti. Sekunde 9.4, lita moja kilomita 12.5. Jeti ya koo la pili haikuwa imeguswa, na nimeiacha: ukikanyaga mpaka mwisho ni afadhali mafuta yazidi kidogo kuliko yapungue, maana yakipungua pistoni inaungua.

30 Agosti. Hedi: imeharibika

Hadi hapa nilikuwa narudisha kilichokuwepo. Sasa nataka kuongeza, kwa kukata hedi, yaani kifuniko cha chuma juu ya silinda.

Wazo ni hili. Hewa yetu ni haba, kwa hiyo mgandamizo wa mwisho ndani ya silinda ni mdogo, na petroli ya kawaida inavumilia injini ibanwe zaidi kuliko pwani. Kiwandani 4K hii ilipangwa ibane mchanganyiko 9 kwa 1. Nikalenga 9.6.

Hesabu: silinda moja ni mililita 322.5. Kwa 9 kwa 1 nafasi inayobaki juu ya pistoni ni mililita 40.3. Kufika 9.6 inabidi ibaki 37.5, yaani kupunguza karibu mililita 3. Je, ukate hedi kiasi gani? Usikisie. Niliigeuza hedi, plagi na valvu zimo, nikaiweka sawa kwa pima maji, nikajaza chemba mafuta ya taa hadi ukingoni kwa bomba la sindano la duka la dawa, kisha nikavuta mililita 3 nje. Mafuta yalishuka milimita 0.9. Hicho ndicho kipimo cha kukata.

Kuskimu (kukata uso wa hedi) 40,000, kusaga valvu 30,000, gasketi za juu seti nzima 55,000. Kwa kuwa hedi imeshuka, vijiti vya kusukuma valvu vimekuwa kama vimerefuka, lakini skrubu za tapeti zilitosha kufidia.

Siku ya tatu, nikitoka Igoma, sindano ya joto ikapanda. Niliegesha mara moja. Mfuniko wa oili ndani ulikuwa na ute wa rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ilikuwa imepasuka kati ya silinda ya tatu na njia ya maji.

Nilianza kumshuku mkata chuma. Nikaweka rula ya chuma juu ya hedi na fila geji chini yake: imenyooka, hata 0.05 haipiti. Kosa lilikuwa langu. Mashimo ya bolti kwenye bloku yalikuwa na kutu na tope la oili, na bolti ziliingia kwa ukaidi. Spana ya kipimo ililia kwenye Nm (nyutoni-mita) 60 kwa sababu ya msuguano wa nyuzi za bolti, wakati hedi yenyewe haijabanwa ipasavyo. Niliusikia ule ukaidi mkononi siku ile ile, nikaupuuza kwa sababu giza lilikuwa linaingia.

13 Septemba. Hedi: imekaa

Nilichukua bolti kuukuu ya hedi, nikaikata mifereji miwili kwa msumeno wa chuma kwa urefu wa nyuzi, nikaipitisha kila shimo. Ilitoka na uchafu wa kijiko kizima. Nikapuliza kwa upepo wa gereji ya matairi, nikapiga brashi ya waya bolti zote, tone moja la oili kwenye nyuzi. Safari hii bolti ziliingia kwa vidole. Nikakaza kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda nje, hadi Nm 60. Nikawasha hadi ikapata joto la kawaida, nikaacha ipoe usiku kucha, nikakaza tena, nikapima tapeti upya. Gasketi ya pili 35,000, oili ya kusafishia na ya kudumu 62,000.

Kompresheni sasa: 150, 151, 149, 150.

Jambo moja zaidi lilinitisha. Niliweka taimingi nyuzi 14, nikapanda Bugando kwa gia ya tatu, nikasikia mlio mwembamba kama kokoto ndani ya kopo la bati. Huo ni mlio wa petroli inayolipuka badala ya kuungua, na ukiuzoea unakula pistoni. Niliachia pedeli, nikarudisha hadi nyuzi 10, mlio ukaisha. Nikilipeleka gari hili pwani, nitashusha hadi 6 au 7 na kurudisha jeti ya 102, maana huko hewa ni nzito na hesabu yote ya hapa inageuka.

Sekunde 8.6. Lita moja kilomita 13.

Jumla ya kila kitu tangu mwanzo, pamoja na makosa: shilingi 605,000. Makosa peke yake, yaani filta ya wazi, bomba nene, gasketi ya pili na oili yake, ni 262,000.

20 Septemba. Sengerema

Kabla ya safari nilibadilisha pedi za breki za mbele, 25,000, na kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Gari linalokimbia kuliko jana linahitaji kusimama kuliko jana.

Tulikwenda kumchukua baba. Usagara, Kigongo, kisha daraja jipya la kilomita 3 hadi Busisi, pale ambapo zamani Corolla hii ilikuwa ikingoja kivuko saa nzima na zaidi. Kurudi tulikuwa wanne, na gunia la mihogo kwenye buti. Baba aliomba aendeshe.

Alianza taratibu kama kawaida yake. Baada ya daraja, mbele ya kilima, aliweka gia ya tatu akakanyaga mpaka chini. Injini ilibadilisha sauti, ikavuta pumzi ndefu, gari likapanda bila kuomba gia.

Baba aliinamisha kichwa upande wa boneti. "Hilo," akasema, "ndilo koo la pili?"

"Ndilo, baba."

Akaachia, akakanyaga tena, alisikie vizuri.